Jiwe Halina Nguvu Moja

Lile jiwe lilikuwa na ukubwa wa mbuzi aliyelala. Lilishushwa pamoja na mengine ya msingi karibu na Maili Moja, Kibaha, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Kijana mwenye nyundo ya kilo nane alilizunguka mara mbili akilitazama kabla ya kulipiga. Pigo la kwanza, likalia. La pili, likalia kwa sauti nyingine, ya chini kidogo. La tatu likalifungua katikati kama muhogo mkavu, na ndani kukaonekana mistari ya kijivu na ya waridi iliyolala sambamba.

Pembeni, chini ya mwembe, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia mbele ya rundo lake la vipande. Mkono wa kushoto alishika pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, anayoitumia kuzingira kipande kisimrukie usoni. Mkono wa kulia nyundo ndogo. Kipande kilichokuwa ndani ya pete hakikuzidi ngumi ya mtoto. Nilihesabu: alikigonga mara saba ndipo kikakubali.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza imekuwaje kipande kile kidogo kimsumbue kuliko lile jiwe zima lilivyomsumbua kijana, hata kama nyundo zao hazilingani. Hakuinua macho. "Kubwa lina njia zake za kupasukia," akasema. "Hili dogo limeshazimaliza."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jinsi vyuma vinavyopenya kwenye miamba, na sijaona maelezo mafupi zaidi ya hayo. Wahandisi walilifikia jambo hilohilo kwa njia ndefu, kwa mizinga na mashine za kubana mawe, na hadi leo wanapofanya majaribio madogo ili kutabiri mambo makubwa inawalazimu kulikumbuka.

Kwanza, mawe yale ya Maili Moja si ya ardhi ya Kibaha. Anayechimba shimo la choo Msangani au Visiga hukutana na mchanga, udongo mwekundu, mfinyanzi, tena mchanga. Ukivuka upande wa Kisarawe unapanda vilima vya Pugu, ambavyo ni mawe ya mchanga machanga kwa umri wa dunia, mengi yakiwa yameshikwa na kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Jiwe la namna hiyo unaliingiza tindo kwa mkono. Mwamba wenyewe, ule unaolia ukigongwa, unaanza kuonekana mbele zaidi, upande wa Chalinze na Lugoba. Huko ndiko ukanda wa miamba ya kale ulikojitokeza juu, miamba iliyopikwa na kukunjwa chini kabisa ya milima ambayo sasa haipo, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ile mistari ya kijivu na ya waridi ndiyo alama ya kupikwa huko. Wanajiolojia huuita mwamba huo naisi. Malori yanayopita Mlandizi na Maili Moja usiku na mchana yamebeba vipande vyake kuja kujenga Pwani na Dar es Salaam.

Sasa swali. Mtoto wa Kisarawe amesimama chini ya mkorosho na manati yake. Anafyatua kokoto kwenye ukuta wa udongo, linaacha kishimo cha kina cha kucha. Chukua jambo zima ulikuze mara kumi: kokoto mara kumi kwa upana, urefu na kimo, ukuta mara kumi, lakini kasi ibaki ileile na udongo ubaki uleule. Je, kishimo nacho kitakuwa mara kumi?

Akili ya kawaida inasema ndiyo, na kwa muda mrefu wataalamu wa mizinga walisema hivyohivyo. Kuna hesabu ya zamani inayohusishwa na Isaac Newton: kitu kinachokwenda kasi sana kinapopenya, kinasukuma mbele yake vitu vya uzito sawa na wake, kisha kinaishiwa. Kwa hiyo chuma, ambacho uzito wake kwa ujazo uleule ni karibu mara tatu ya mwamba, kingezama karibu mara tatu ya urefu wake kisha kisimame. Ni hesabu ya kukadiria tu. Katika hesabu hiyo ukubwa hauna sauti yoyote: sindano itazama mara tatu ya urefu wa sindano, na mtaimbo mara tatu ya urefu wa mtaimbo. Kama dunia ingekuwa hivyo, mhandisi angejaribu kila kitu kwa mfano mdogo juu ya meza, akazidisha kwa kumi, akaenda kulala.

Mwamba mgumu unakataa. Mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, D. J. Frew, M. J. Forrestal na S. J. Hanchak, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwenye mawe chokaa. Walitengeneza vyuma vya umbo moja vyenye ncha iliyochongoka, vikitofautiana ukubwa tu: unene wa milimita 7.1, milimita 12.7 na milimita 25.4. Aliyewahi kujenga nyumba anavijua vipimo hivyo kwa vidole. Cha kwanza kimezidi kidogo msumari wa inchi sita, cha pili ni kama nondo ya 12, cha tatu ni kama nondo ya 25. Wakavifyatua kwenye mawe na kupima vilipozama. Lau mawe yangekuwa na nguvu moja, ukinzani ambao kila chuma kilikutana nao, ukigawanywa kwa eneo la unene wake, ungekuwa sawa kwa vyote vitatu. Haukuwa sawa. Chuma kilivyozidi unene, jiwe lilionekana kulegea. Ilibidi waandike ukinzani wa jiwe kama namba inayobadilika kulingana na unene wa chuma kinachokuja.

Fikiria maana yake. Jiwe lilikuwa lilelile, limetoka machimbo yaleyale. Kilichobadilika ni ukubwa wa aliyelibishia hodi.

Sababu ya kwanza ni ile aliyoisema yule mama, na ndiyo nzito kuliko zote. Hakuna mwamba usio na nyufa. Kuna zinazoonekana kwa macho, ambazo maji hupita, na kuna ndogo kuliko unywele zinazozunguka kila punje ya madini. Mwamba ukibanwa au ukigongwa, hauvunjiki mahali penye wastani; unavunjikia pale penye ufa mbaya kuliko zote ulio karibu. Pande kubwa lina nafasi kubwa ya kuwa na ufa mrefu ndani yake. Kipande kidogo hakiwezi kubeba ufa uliokizidi urefu. Kila mara nyundo inapogawanya jiwe, linafungukia kwenye ufa wake mkubwa, na ufa ule unaisha kazi. Unabaki na vipande viwili ambavyo kila kimoja kina nyufa fupi kuliko za mzazi wake. Endelea hivyo mara kumi na unakuwa umechuja: vinavyobaki ni vile vilivyokosa pa kupasukia.

Mwingereza A. A. Griffith aliliona hili kwenye kioo, akachapisha mwaka 1921. Aliyeyusha kioo akakivuta kuwa nyuzi, nyembamba kwa nyembamba zaidi, akizikata kwa kuzivuta. Uzi wa unene wa karibu milimita moja ulikatika kwa mvuto wa takriban megapaskali 170. Uzi wa unene wa takriban sehemu tatu za elfu ya milimita ulihimili karibu megapaskali 3,400, yaani mara 20, na ni kioo kilekile. Megapaskali moja, kwa asiyezoea kipimo hiki, ni sawa na kuweka kilo 10 juu ya kila eneo la sentimita moja ya mraba.

Kwa miamba, Evert Hoek na Edwin Brown walikusanya vipimo vya watu wengi na mwaka 1980 wakatoa kanuni ambayo mhandisi wa migodi anaijua kwa kichwa. Wanaanza na kipande cha mviringo cha kipenyo cha milimita 50, kile kinachotolewa na mashine ya kuchoronga. Ukitumia kanuni yao, kipande cha aina hiyohiyo ya mwamba chenye kipenyo cha milimita 200 kinabaki na takriban asilimia 78 tu ya nguvu ya kile cha milimita 50. Ukirudi nyuma hadi milimita 10, nguvu inapanda theluthi moja hivi. Z. T. Bieniawski, akiwa Afrika Kusini miaka ya 1960, alikwenda mbali zaidi: hakupeleka makaa ya mawe maabara, alipeleka mashine ya kubana kwenye makaa, chini mgodini. Alikata matofali makubwa na madogo ya makaa na kuyabana mpaka yakavunjika. Nguvu ilizidi kushuka kadiri tofali lilivyokua, hadi lilipofika upande wa mita 1.5 hivi, kisha ikatulia. Hapo tofali lilikuwa kubwa kiasi cha kubeba nyufa za kila aina zilizopo mgodini, na kuongeza ukubwa hakukuleta ufa mpya.

Ninapopanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, jambo hili linakuwa chini ya miguu yangu. Reli ya SGR, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu tarehe 12 Aprili 2017, inapita vilima vya Pugu, inafika Soga wilayani Kibaha, kisha Ruvu, na kuendelea Morogoro. Ilisanifiwa kuhimili tani 35 kwa kila ekseli. Mzigo huo wote unashuka kwenye reli, kutoka reli kwenda kwenye mataruma ya zege, na kutoka mataruma unakabidhiwa kwa kokoto. Asiyejua angeona ni uzembe, kwamba uzito mkubwa hivyo unawekwa juu ya vijiwe vinavyojaa kiganjani. Lakini kila kijiwe kile kimepita kwenye taya za mashine ya kusaga, na chenye ufa wa kuaminika kiligawanyika hukohuko machimboni. Kilichofika relini ni manusura.

Turudi kwenye chuma kinachopenya. Msumari unapoingia kwenye mwamba unasumbua eneo dogo kuzunguka ncha yake, na eneo dogo ni lile lile la kipande cha mama: halina nyufa za maana. Mtaimbo unasumbua eneo kubwa, nao unakutana na nyufa za kutosha zinazousaidia kazi. Kwa hiyo mtaimbo unauona mwamba dhaifu, na msumari unauona mwamba hodari, na vyote viwili vinasema kweli.

Sababu ya pili nimeizoea jikoni. Sufuria la pilau la harusi likiepuliwa jikoni saa sita mchana, saa tisa bado linaunguza. Kijiko cha pilau hilohilo kinapoa kabla hujakifikisha mdomoni. Moto umekaa katika ujazo, na unatoka kupitia uso. Ukiongeza vipimo vyote mara mbili, ujazo unakua mara nane lakini uso unakua mara nne tu. Nishati ya chuma kinachoruka imekaa katika uzito wake, ambao ni ujazo. Kupasua mwamba kunagharimu kwa kila sentimita ya mraba ya ufa mpya unaofunguliwa, na huo ni uso. Kwa hiyo chuma kilichokuzwa mara mbili kinakuja na nishati mara nane, na nyufa za umbo lilelile zinakidai mara nne tu. Chenji inayobaki inaingia kwenye kina.

Ya tatu ni muda. Chuma kinachokwenda mita 500 kwa sekunde kinapita unene wa milimita 7 katika sehemu 14 za milioni ya sekunde. Kile cha milimita 25.4 kinachukua karibu sehemu 51 kupita unene wake. Mwamba ukibanwa ghafla mno, ule ufa mmoja mbaya haupati nafasi ya kufanya kazi peke yake. Inabidi nyufa nyingi, pamoja na zilizo ngumu kufunguka, zifunguke kwa pamoja, na kwa hiyo mwamba unaonekana mgumu zaidi. Kitu kidogo siku zote kinagonga kwa ghafla kuliko kikubwa, hata kasi zikilingana. Hii pia inakifanya kidogo kikutane na mwamba mkali.

Je, inafika kiasi gani ukijumlisha yote? Mhandisi mmoja wa maabara ya Sandia, Marekani, C. W. Young, alitumia miongo mitatu kudondosha na kufyatua vyuma kwenye udongo, barafu na miamba, akatengeneza kanuni ya kukadiria kina. Kwa mwamba na zege alilazimika kuongeza kipengele cha marekebisho kwa vyuma vyepesi kuliko kilo 182, kwa sababu bila hicho kanuni ilivipa vyuma vidogo kina ambacho havikukifikia. Ukiifanyia hesabu chini ya uzito huo, chuma kilichokuzwa mara kumi kwa kila upande hakizami mara kumi. Kinazama mara 14. Anayejaribu kwa msumari na kuzidisha kwa kumi atapungukiwa vibaya.

Kanuni ya Young ni ya viraka, na naisema hivyo kwa heshima. Mwamba haujui kilo 182 ni nini. Namba hiyo inatoka kwenye rundo la vipimo, mahali ambapo mstari mmoja uliacha kufuata nukta na ikabidi uanze mwingine. Na kwa vyuma vizito kuliko hapo, kanuni yenyewe inatoa kina kinachokua polepole kuliko ukubwa. Napenda uaminifu wake. Hajadai kuwa ameufahamu mwamba, amesema alichokipima.

Kwenye ardhi ya Kibaha na Kisarawe mambo yanageuka, na ndiyo maana wilaya hizi ni mahali pazuri pa kuyafikiria. Kabla ya kujenga daraja, ghorofa au kituo cha treni, mafundi wa udongo huja na tripodi na nyundo ya kilo 63.5. Wanaiinua sentimita 76 na kuiachia, na kila ikianguka inaingiza ardhini bomba la kipenyo cha sentimita 5 hivi. Wanahesabu mapigo. Sentimita 15 za kwanza hawazijali, zimevurugwa na kuchimba; mapigo ya sentimita 30 zinazofuata ndiyo yanayoandikwa kitabuni. Mapigo manne maana yake ardhi imelegea. Yakifika 50 bila bomba kumaliza safari yake, wanaacha na kuandika kwamba ardhi imekataa.

Bomba lile ni kombora linalokwenda polepole, na kwenye mchanga wa Kibaha linafanya kazi vizuri kwa sababu moja: punje za mchanga ni ndogo mno kulinganisha na sentimita 5. Bomba linakutana na maelfu ya punje kwa wakati mmoja na kupata wastani wao. Lipeleke mahali penye changarawe na mawe ya ukubwa wa yai, na ghafla mapigo yanapanda mpaka 50. Ardhi haijawa ngumu. Bomba limekutana na jiwe moja, limepiga kichwa chake. Nguzo ya zege ya upana wa mita moja ingepita palepale na kulisukuma jiwe hilo pembeni. Karatasi inasema mwamba, nguzo inasema udongo. Fundi mzoefu anaangalia ukubwa wa punje zilizotoka kwenye bomba kabla ya kuamini idadi ya mapigo.

Kwenye vilima vya Pugu, ndani ya mahandaki ya zamani ya kaolini ambayo sasa ni makazi ya popo, ukuta una hulka nyingine kabisa. Ni laini, unaacha unga mweupe kwenye kiganja. Chuma kinachoingia humo hakifungui nyufa. Kinaponda vinyweleo, vile vitundu vidogo kati ya punje, na kujitengenezea nafasi. Kuponda ni kazi ya ujazo. Nishati ni ya ujazo. Deni na malipo vinakua kwa mwendo mmoja, na kwa hiyo katika mwamba laini ile hesabu rahisi ya kuzidisha kwa kumi inakaribia kuwa kweli. Ugumu ndio unaoleta matata ya ukubwa. Kadiri mwamba unavyokuwa mkavu, ulioshikamana, wa kupasuka badala ya kupondeka, ndivyo kidogo na kikubwa vinavyotofautiana.

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kisarawe inapita Gongo la Mboto. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha katika kambi ya jeshi lililipuka hapo, na makombora yakarukia mitaa ya watu. Zaidi ya watu 20 walikufa, na familia nyingi zilitembea usiku ule zikiwa na watoto mgongoni. Chini ya miaka miwili kabla, Aprili 29, 2009, Mbagala ilikuwa imepitia msiba wa namna hiyohiyo. Wanaokumbuka milipuko hiyo hawahitaji kuelezwa kombora ni nini. Lakini kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi: kwa nini vyuma vizito vilifika mbali na vidogo havikufika? Jibu ni la ukubwa pia. Kipande chembamba cha chuma kinaweza kuondoka kwa kasi kubwa kuliko kombora zima, lakini hewa inakisimamisha mapema, kwa kuwa hewa inakamata uso na kipande kidogo kina uso mwingi kwa uzito wake. Kombora zima lina uzito mwingi nyuma ya uso mdogo. Hewa inalipapasa tu, linaendelea.

Sheria hiyohiyo ilimwokoa mtoto mmoja wa Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasuka angani juu ya Mbale na kumwaga mawe juu ya mji na mashamba, jumla ya karibu kilo 150 zilizookotwa. Kijiwe cha gramu 3 na kitu kilipita kwenye majani ya migomba na kumpiga mvulana kichwani. Hakuumia kwa maana yoyote. Kiliingia kwenye anga kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, kama wenzake, lakini udogo wake uliifanya hewa ikinyang'anye kasi yote mpaka kikawa kinaanguka kama kokoto lililodondoshwa kutoka paani. Wenzake wakubwa wa mvua ileile walichimba mashimo ardhini.

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kimesimama katikati ya ngazi hii ya ukubwa. Ni pande la chuma la urefu wa mita 3 na uzito wa takriban tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Kiliingia kwenye vitabu vya wanasayansi mwaka 1930. Ukikitazama unajiuliza shimo lake liko wapi, na shimo halipo. Hewa ilikuwa imekipunguzia kasi kiasi cha kukifanya kitue kikiwa kizima, na kama kilichimba kitu, mvua za miaka mingi zimeshafukia.

Panda ngazi tena. Kule Arizona, Marekani, kuna shimo la upana wa kilomita 1.2, na D. M. Barringer, mhandisi wa migodi, aliamini kuwa chini yake limelala pande kubwa la chuma la kuuza. Alianzisha kampuni mwaka 1903 na kuchoronga hapo kwa zaidi ya miaka 20. Aliwaza kama anayefukua risasi kwenye kisiki: shimo lipo, basi risasi imo ndani. Mwaka 1929 mwanaastronomia F. R. Moulton alifanya hesabu na kuonyesha kuwa kilichoanguka kilikuwa kidogo mno kuliko alivyodhani, na kwamba sehemu kubwa ya chuma hicho isingebaki. Barringer alikufa mwaka huohuo. Leo tunajua kilikuwa na upana wa mita 50 hivi. Kwa ukubwa huo hewa haikuweza kukizuia. Kilifika ardhini kikiwa bado na kasi kubwa mno, na kwa kasi hiyo sehemu kubwa ya chuma huyeyuka au kuwa mvuke badala ya kuzama ikiwa nzima. Nyufa za mwamba, zilizotusumbua tangu mwanzo wa makala haya, zilikuwa na neno dogo tu mbele ya nishati ile. Na kwenye mashimo makubwa zaidi ya hapo, hata ugumu wa mwamba unasahaulika; kinachoamua upana ni uzito wa mwamba wenyewe, jinsi unavyojirudishia shimoni baada ya kurushwa.

Ninamwonea huruma Barringer, kwa sababu kosa lake linafanywa kila siku kwa vipimo vidogo. Kwenye maeneo ya ujenzi ya Kibaha, fundi anajaza zege kwenye vyombo vya chuma vya upande wa milimita 150, anaviacha siku 7 na siku 28, kisha kyubu za zege zilizotoka humo zinapelekwa kubanwa. Maabara nyingine hutumia kyubu za milimita 100, ambazo ni nyepesi kubeba. Zege lilelile, la ndoo ileile, likibanwa katika kyubu ndogo linatoa namba kubwa kidogo. Hakuna aliyedanganya. Lakini anayesoma cheti bila kuuliza ukubwa wa kyubu amepewa nusu ya habari, na nguzo atakayoisimamisha ni kubwa kuliko kyubu zote mbili. Wasanifu makini wanajua hivyo na wanaacha akiba. Ninachotaka ni kwamba mwenye nyumba naye ajue, aulize, na aonyeshwe.

Nilirudi pale Maili Moja jioni. Lile jiwe la ukubwa wa mbuzi halikuwepo tena. Lilikuwa limegawanyika kuwa mawe ya msingi, na mabaki yake yalikuwa yamehamia kwa mama. Madebe yake manne yalikuwa yamejaa. Ndani ya pete ya mpira kilibaki kipande kimoja, cha ukubwa wa yai la bata, cheupe karibu chote, bila mstari wowote wa kijivu. Alikigonga. Kikaruka ndani ya pete, kikatulia. Akakigonga tena mara nne, kikatoa cheche na unga kidogo, basi. Akakiokota, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu yake kutafuta mahali pa kuanzia.

"Hili litaingia kwenye zege hivihivi," akasema, na kukitupa juu ya debe la mwisho.